Soketi za kuibuka kwenye kaunta, nichukue ipi?

SWALI: Dada, namalizia jiko hapa Tabata, kaunta ya granaiti. Nataka zile soketi unabonyeza zinapanda, ukimaliza unazishusha. Naweza kuiweka karibu na sinki?

JIBU: Karibu na sinki hapana mpenzi, sogeza angalau sentimita 30, maji ya kaunta yanatembea jamani. Tafuta iliyoandikwa IP54, yaani alama ya kinga ya vumbi na maji ya kurukia, yenye mpira kwenye mfuniko, na ujue mara nyingi hiyo kinga ni ikiwa imefungwa tu, zile za meza za ofisi nyingi hazina kabisa so jikoni usiweke hata bei ikivutia. Kingine ambacho watu hawaulizi ni mzigo, maana soketi zote za nguzo moja, mara nyingi 3, zinakula waya mmoja wenye plagi ya ampea 13, yaani kama wati 3,000 kwa umeme wetu wa volti 230, sasa jagi la umeme peke yake ni wati 2,000 na kitu, ukiwasha na maikrowevu hapo unazidisha mzigo, fyuzi inaweza kuungua. Blenda na chaja ya simu, sawa kabisa. Halafu kabla fundi hajatoboa pima chini ya kaunta, nguzo ya soketi inashuka ndefu na ikigonga droo granaiti ndo ishatobolewa hivyo.