Rufaa ya mkopo wa chuo: ulijaza baba yupo hai wakati ni marehemu

Mdogo wangu, pole sana kwa kumpoteza mzee. Unasema mama anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, na wewe kwa haraka ukajaza kwamba wazazi wote wapo, ukakosa mkopo. Usikate tamaa. Kosa la kujaza fomu linarekebishika kwa rufaa kwa Bodi ya Mikopo (HESLB), ila dirisha lake huwa la muda mfupi, kwa hiyo anza leo kukusanya karatasi.

La kwanza kabisa ni cheti cha kifo, tena kihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Hapa ndipo wengi wanakwama. Kitoe pamoja na cheti chako cha kuzaliwa, uviweke mezani pamoja, usome jina la baba herufi kwa herufi. Huku kwetu Usukumani mzee anaweza kuwa na jina la nyumbani kwenye cheti kimoja na la ubatizo kwenye kingine. Ukikuta hivyo, nenda kwa wakili au hakimu ule kiapo kwamba ni mtu yuleyule. Mimi ningefanya hilo kabla ya yote.

Kwenye maelezo sema ukweli: nilikosea, baba alifariki tarehe fulani, ushahidi huu hapa. Usimsingizie mtu wa steshenari, hata kama ndiye aliyebofya. Barua ya mwenyekiti wa mtaa itasaidia.

Ukiskani, hakikisha muhuri unaonekana wote, haujakatwa pembeni. Tunza nakala ya kila ukurasa, na usimwachie mtu nywila ya akaunti yako ya mkopo.