Uzi wa hudi: hesabu vitanzi, usikisie

Wengi wanaofuma hudi (sweta lenye kofia) kwa mashine hukadiria uzi kwa kulinganisha na sweta la saizi ileile, na ndiyo maana uzi huwaishia kofia ikiwa nusu. Kofia na mfuko wa mbele peke yake hula karibu moja ya tano ya uzi wote. Koni (uzi uliozungushwa kwenye kiini) ya kuongezea nayo, ikitoka kwenye pipa jingine la rangi, hutofautiana kidogo na ya kwanza, na tofauti hiyo inakaa pale pale karibu na uso.

Sentimita zinadanganya kwa sababu kitambaa kilichofumwa huvutika. Idadi ya vitanzi haibadiliki. Kwa mashine ya sindano 200, yenye nafasi ya milimita 4.5 kati ya sindano na sindano, fuma kipande cha majaribio: anzisha vitanzi 60 na ufume mistari 80, kwa nakshi ileile na namba ileile ya tensheni (kipimo cha ukubwa wa kitanzi kwenye mashine) utakayotumia kwenye nguo. Funga vitanzi, ondoa uzi wa taka (uzi wa muda wa kuanzia, usiobaki kwenye kipande), kisha pima uzito kabla ya kuosha na ukubwa baada ya kuosha na kukauka. Mpangilio huo una sababu: uzi wa koni mara nyingi huwa na mafuta, na unaununua pamoja na mafuta yake, lakini nguo itavaliwa ikiwa imeoshwa. Hesabu vitanzi na mistari ya sentimita 10 katikati ya kipande, kwani pembeni hujikunja. Mizani inayosoma gramu nzima tu haitoshi. Kwenye kipande cha gramu 12, kosa la nusu gramu ni asilimia 4, yaani gramu 15 hivi kwenye hudi nzima. Kama huna mizani ya gramu 0.1, fuma mistari 240 na ugawe uzito kwa tatu.

Tuseme kipande cha gramu 12 kimetoa vitanzi 28 na mistari 40 kwa kila sentimita 10. Mgongo wa upana wa sentimita 55 na urefu wa 68 ni vitanzi 154 mara mistari 272, sawa na 41,888. Mbele ni hivyohivyo, usipunguze shingo. Mkono wenye wastani wa upana wa sentimita 36 na urefu wa 48 ni 101 mara 192, na iko miwili. Kofia ya kipande kimoja kinachokunjwa utosini, sentimita 26 kwa 72, ni 73 mara 288. Mfuko ni 84 mara 80. Jumla ni vitanzi 150,304. Gawanya kwa 4,800 (60 mara 80, vitanzi vya kipande cha majaribio), zidisha kwa 12: gramu 376. Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya ribu (ukingo unaovutika wa chini na wa mikono), kamba, kushonea na vipande vya majaribio, upate gramu 432. Mimi sipunguzi hiyo 15 hata kidogo.

Ukibadilisha nakshi, hesabu inaanza upya, na hapa ndipo penye makosa mengi. Nakshi ya taki, ambapo sindano hushika nyuzi za mistari kadhaa kisha kuzifuma kwa pamoja, hutanua kitambaa na kukifupisha. Vitanzi 60 kwa mistari 80 vinaweza kutoa vitanzi 23 na mistari 57 kwa sentimita 10. Mgongo uleule sasa ni 126 mara 388, sawa na 48,888. Kama kipande cha taki nacho kina gramu 12, hilo ni ongezeko la asilimia 17 hivi. Nakshi ya kuruka sindano, ambapo uzi hupita baadhi ya sindano bila kufumwa, hufanya kinyume kwa upana: kitambaa hubana, hivyo vitanzi vinaongezeka.

Nakshi ya kadi (kadi yenye matundu inayoongoza sindano) yenye marudio ya vitanzi 12 haiingii sawasawa kwenye 154. Tumia 158: marudio 13 na kitanzi kimoja cha kushonea kila upande. Nguo inapanuka chini ya sentimita 3 kwa mzunguko wote, na hudi inabeba hilo bila shida. Kwa urefu, usikate nakshi katikati, rekebisha ribu. Anza mbele na nyuma kwenye mstari uleule wa kadi, la sivyo mishono ya ubavuni haitakutana. Sindano za mwisho kila upande zifume kawaida hata kwenye taki, maana uzi wa ukingoni usiposhikwa hulegea na kuning'inia.

Kofia ifume wazi, bila nakshi. Ikiwa imeshushwa, ndani yake huonekana, na nakshi ya rangi mbili huacha nyuzi ndefu upande huo ambazo hunasa hereni na vidole. Halafu uzito: kofia nzito huvuta shingo ya nyuma mpaka ilegee. Shonea utepe usiovutika ndani ya shingo, kutoka bega hadi bega, kabla nguo haijavaliwa hata mara moja.