Vyumba vinne vya wazee Likombe: milango, vyoo na zamu za usiku

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni ndugu watatu, kwetu Mtwara. Tuna kiwanja Likombe na tumekubaliana kujenga vyumba vinne vya kujitegemea kwa mstari mmoja, kila kimoja na choo na jiko lake: cha mama (miaka 74), cha mama mkubwa ambaye ni mjane, na viwili tuwapangishe wazee wengine. Chumba cha tano atakaa dada wa kuwahudumia. Mama anaoga na kupika mwenyewe, ila aliwahi kuteleza chooni, na kuhamia kwangu Dar es Salaam hataki kabisa. Fundi ameshainua msingi wa sentimita 45 na anasubiri vipimo vya milango na vyoo. Tumpe vipimo gani? Kengele ya dharura iwe ya aina gani? Na dada mmoja atatosha? (Binti wa Mtwara)

JIBU: Dada, nianze na swali la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine. Mhudumu mmoja hatoshi, hata awe na moyo wa namna gani. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ukiondoa likizo, mtu mmoja anakupa wastani wa saa 41 na nusu. Ukitaka pawe na mtu macho saa zote unahitaji watu wanne na zaidi kidogo, na hapo hujahesabu siku za kuugua wala za msiba. Mahali penye mhudumu mmoja, miezi ya mwanzo huenda vizuri. Anaamka kila anapoitwa. Kisha uchovu unamzidi, anaacha kusikia kengele, na siku moja anaaga kwenda kusalimia kwao na harudi. Anayeumia ni mzee.

Kwa wazee wanne ambao bado wanaoga na kula wenyewe, mpango unaobebeka ni wahudumu watatu wanaopokezana kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Hizo ni saa 112 kwa wiki, kama 37 kwa kila mmoja, kwa hiyo akiugua mmoja wengine wawili wanaweza kumfidia kwa siku chache bila kuvunjika. Kumbuka kwamba kuanzia saa 2 usiku ni kazi ya usiku kisheria, na kila saa ina nyongeza ya asilimia 5. Saa 4 usiku hadi alfajiri, chumba cha tano alale ndugu mmoja wa familia kwa zamu, kazi yake ikiwa kuitikia kengele tu. Mzee mmoja akianza kuhitaji kusaidiwa kila usiku, hapo ajiri mtu wa nne wa usiku na usiendelee kumtegemea ndugu.

Fedha nazo zipangeni kwa kalenda ya kwenu. Familia nyingi za Kusini hushika fedha msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, lakini mshahara wa mhudumu unadaiwa kila mwezi. Wapangaji wakiahidi kulipa "korosho zikiuzwa", pokeeni ada ya miezi mingi kwa mpigo msimu huo, muifungulie akaunti yake, na msianze kabla hamjawa na mishahara ya miezi mitatu mkononi. Wahudumu wazuri wengi hupotea kati ya Machi na Septemba kwa sababu hiyo tu.

Sasa kwa fundi. Msingi wa sentimita 45 ni mzuri kwa mvua za masika, msiupunguze. Lakini unadai mteremko badala ya ngazi. Kipimo cha chini kabisa ni 1 kwa 12, yaani mita 5.4 za urefu kwa kimo hicho. Kwa mzee anayetembea mwenyewe au anayesukuma kiti cha magurudumu kwa mikono yake, mimi ningeweka 1 kwa 15, mita 6.75. Kiwanja kikibana, mteremko ukunje kona, na penye kona pawe na sehemu tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5. Upana usipungue mita 1.2, na pembeni pajengwe kizingo cha sentimita 10 ili gurudumu au mkongojo usichomoke. Msiumalizie kwa niru. Niru ikilowa inateleza kama sabuni. Zege likiwa bado bichi, fundi alipitishe ufagio mgumu kukingama na njia ya kutembea.

Mteremko mmoja unatosha vyumba vyote vinne kama mbele kuna varanda ya pamoja yenye upana wa mita 1.8. Pale varandani jengeni baraza la kukalia lenye kimo cha sentimita 45, kila mlango na lake. Mzee anayeonekana barazani asubuhi ameshakaguliwa bila kusumbuliwa, na asiyeonekana hadi saa 2 mhudumu anajua pa kupiga hodi.

Milango: ninachohitaji ni uwazi halisi wa sentimita 80 mlango ukiwa umefunguliwa, chooni pia. Fundi akisikia "mlango wa 90" atakuachia tundu la 90, kisha fremu ya mbao inakula sentimita 5 kila upande na unene wa mlango unakula 4, unabaki na 76. Mwambie tundu la ukutani liwe sentimita 100. Mlango wa choo ufunguke kwa nje. Mtu akianguka chooni, mwili wake unaweza kulala nyuma ya mlango, na mlango unaofunguka ndani hauwezi kusukumwa bila kumuumiza. Komeo la ndani msiweke kabisa. Wekeni kitasa ambacho mtu wa nje anaweza kukifungua kwa sarafu. Funguo ya akiba ya kila chumba ikae kwa mhudumu wa zamu ndani ya bahasha iliyofungwa, na kila ikifunguliwa iandikwe daftarini ni nani na kwa nini. Siku zote nyingine mhudumu abishe hodi na asubiri kuitikiwa. Mama yako amekataa Dar es Salaam kwa sababu anataka kuwa na kwake. Akiingiliwa ovyo chumbani, mmemhamisha bila kumhamisha.

Chooni ndiko ningetumia fedha nyingi zaidi. Chumba cha choo na bafu kiwe angalau mita 2.2 kwa 2.2, ili ubaki na nafasi ya kugeuza kiti cha magurudumu, duara la mita 1.5, hata kama leo hakuna anayekihitaji. Choo kiwe cha kukaa, na katikati yake pawe sentimita 45 kutoka ukuta wa pembeni. Vyoo vingi vya dukani vina kimo cha sentimita 40 hivi, na mwenye magoti mabovu hawezi kunyanyuka hapo bila kujivuta. Kimo sahihi kinatoka kwa mzee mwenyewe. Akae kwenye kiti na viatu vyake vya ndani, pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, ongeza sentimita 3 hadi 5. Wengi wataangukia 45 hadi 48, ila mama mfupi akiwekewa 48 miguu itaning'inia, na huko nako ni kuanguka. Tofauti izibwe kwa kitako cha zege chini ya choo peke yake, sakafu ibaki pale pale.

Bomba la kushikia liwe la GI (chuma kilichopakwa zinki) la inchi 1, ambalo kwa nje lina unene wa milimita 33 hivi. Kiganja cha mzee kinalizunguka vizuri. Liwe mbali na ukuta kwa sentimita 4 hadi 5, maana likiachana zaidi mkono unaweza kuzama hadi kwenye kiwiko. Kando ya choo lilale kwa kimo cha sentimita 70, kisha lipande wima mahali palipo sentimita 25 mbele ya ukingo wa choo: la kulala ni la kujisukumia, la wima ni la kujivutia. Linapoharibika ni kwenye ufungaji. Tofali nyingi za mtaani zina mchanga mwingi mno na saruji kidogo, na skrubu hung'oka na vumbi lake siku ile ile mzee anapolitegemea. Kwa kuwa ninyi ndio kwanza mnajenga, chomeleeni miguu ya nondo yenye mkia uliopinda, kisha muimwagie zege ndani ya ukuta. Kwenye ukuta uliokwisha kusimama, pitisheni boliti ya milimita 10 ukuta mzima na muikaze upande wa pili kwa bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10. Lijaribuni kwa mtu mzima mwenye kilo zaidi ya 100 kuning'inia. Joto la uchomeleaji huunguza zinki, na kwa hewa ya chumvi ya Mtwara kutu huanzia pale pale, hivyo kila kiungo kipakwe rangi ya zinki kabla ya rangi ya juu.

Bafuni pasiwe na kizingiti. Sakafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Jengeni benchi la tofali la kimo sawa na choo, kwa sababu kiti cha plastiki cha kawaida hutanuka miguu kwenye marumaru yenye maji. Wazee wengi wataendelea kuoga kwa ndoo na kopo, na hakuna ubaya. Wekeni bomba juu ya kibaraza cha kimo cha sentimita 60 kando ya benchi, ndoo ijae hapo hapo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mzee akiibeba kwenye sakafu yenye maji ataanguka.

Jikoni, tatizo ni kigoda. Kuketi chini si kazi, kazi ni kuinuka. Mbuzi ya kukunia nazi ifungwe juu ya benchi la sentimita 45, na meza ya jiko iwe na kimo cha 85. Mkaa usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa; hewa yake ya sumu haina harufu.

Kengele: isitegemee umeme wa ukutani, kwa sababu umeme ukikatika usiku ndipo watu hujikwaa. Kengele isiyo na waya ya betri inatosha, ila ijaribuni kutoka kila chumba milango ikiwa imefungwa, kwani kuta na mabati hupunguza mawimbi. Chooni wekeni swichi ya dari inayovutwa kwa kamba, nayo iwashe king'ora cha betri. Kamba ifike sentimita 10 kutoka sakafuni. Swichi iliyo ukutani kifuani haimsaidii aliyelala chini. Wengi huikunja kamba juu kwa sababu inakera wakati wa kudeki, kwa hiyo mhudumu aikague na kuivuta kila wiki. Kutoka kitandani hadi chooni pawe na taa ndogo ya betri inayowaka yenyewe mtu anapopita.

Mama aliteleza, umesema. Kabla ya kulaumu sakafu, mpelekeni kituo cha afya apimwe presha akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, huenda kizunguzungu cha kusimama ndicho kilichomwangusha, na pengine dawa zake zinahitaji kupangwa upya na daktari.

Wapangaji wawili msiwachague kwa umri. Tazameni mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini, kujizuia haja, na kula. Kisha mzee ainuke kwenye kiti, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, aketi. Akichukua sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka, na huyo apewe chumba kilicho jirani na cha mhudumu. Rudieni kila miezi mitatu kwa wote, mama akiwemo. Mzee anayetoka usiku bila kujua aendako, au anayehitaji watu wawili kumnyanyua, mpango huu haumtoshi mpaka muongeze watu. Wapangaji wayajue haya tangu siku ya kwanza.

Andikeni karatasi mbili tofauti: mkataba wa pango, na makubaliano ya huduma. Denmark walilijenga jambo hili kwenye sheria yao ya makazi ya wazee ya mwaka 1987: nyumba ni ya mpangaji, na huduma humfuata alipo kwa kiasi anachohitaji. Mzee akigombana na mhudumu, abaki na chumba chake. Na kwa kuwa mtapokea wazee wasio ndugu zenu kwa malipo, nendeni kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa, kabla ya kumwahidi mtu chumba. Kituo cha afya mtakachokitumia kikubaliwe mapema, na namba za madereva wawili wa bajaji wanaoitika usiku kwenda hospitali ya Ligula zibandikwe ukutani karibu na kengele, kwa maandishi makubwa.