Bendi ya watu wanane inataka kupiga Afrobeat ya Fela: mpangilio, namba, na mahali inapoharibika

Mkuu mleta mada, umeuliza mawili kwa mpigo. Kwanza, bendi yenu ya dansi ya watu wanane imejaribu kupiga nyimbo za Burna Boy jukwaani na "hazikai". Pili, je, hii Afrobeat ya Fela bado ina mashiko kwa wasanii na mashabiki au imebaki kuwa ya wazee? Naanza na la kwanza, maana la pili limo ndani yake.

Kinachowasumbua ni herufi moja tu. Afrobeat, bila s, ni muziki uliojengwa Lagos, Nigeria, na mwanamuziki Fela Kuti na mpiga dramu wake Tony Allen, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Walichukua highlife (dansi ya Ghana na Nigeria) na jazi walizokuwa wakipiga tangu siku za Koola Lobitos, bendi ya Fela ya miaka ya 1960, wakatia ngoma za Kiyoruba na fanki ya Marekani, kisha siasa ikakaa juu yake. Afrobeats, yenye s, ni pop ya Nigeria na Ghana ya miaka ya 2000 kuja huku, na jina hilo lilishika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2010. Hiyo hupikwa kwenye kompyuta, wimbo dakika tatu, kiitikio kinaingia mapema. Kati ya ngoma na besi imeachwa nafasi kubwa makusudi, ili sauti ya mwimbaji ikae humo. Sasa mnapoipiga watu wanane kwa gitaa mbili na wapuliza wawili, ama mnaijaza ile nafasi mkaua wimbo, ama wanne wenu wanasimama bila kazi. Ndiyo maana haikai. Ya Fela ni kinyume: haiwezi kupigwa bila watu.

Kwenye Africa 70, bendi ya Fela ya miaka ya 1970, kulikuwa na dramu, tumba zaidi ya moja, shekere (kibuyu chenye shanga), vijiti, besi, gitaa za rizimu, gitaa waliyoiita tenor, kinanda, tarumbeta, saksafoni za tenor na alto, na zile kubwa za baritone zinazonguruma chini, pamoja na waitikiaji. Kila mmoja alishika kipande kidogo ambacho peke yake hakina maana. Fela ndiye aliyempa kila mpigaji laini yake. Aliyeachiwa atunge sehemu yake mwenyewe ni Tony Allen peke yake.

Kwa watu wanane mgawanyo unatosha hivi: dramu, tumba, besi, gitaa mbili, kinanda, tarumbeta moja na mdomo wa bata (saksafoni) mmoja. Hao ni wanane tayari; mwimbaji, kama ni wa tisa, ashike shekere au vijiti mpaka zamu yake ya kuimba ifike, ambayo haitafika mapema. Kama mdomo wa bata mlio nao ni tenor, mwambieni apige chini, karibu na besi, wakati wa mada ya pamoja, yaani melodi ambayo wapuliza wote wanaipuliza kwa pamoja. Hamtapata unene wa baritone ila mtaukaribia.

Ki (key) ya kuanzia iwe G maina. Tarumbeta na saksafoni ya tenor watasoma A maina, alto na baritone watasoma E maina, na hakuna anayepata shida ya vidole. Kodi (chord) moja inatosha wimbo mzima, mbili zikizidi. Mpiga gitaa wa dansi atalalamika hapa kwamba anachoka, na kweli atachoka, kwa kuwa mkono wake umezoea kwenda kodi tatu au nne halafu kupanda juu kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya mwisho wa wimbo wa dansi. Afrobeat haina chemko. Haipandi mwendo, haigeuki, na kinachoongeza moto ni nani ameingia na nani amenyamaza.

Sasa zoezi. Hili ni la kuanzia tu, msilitafute kwenye santuri yoyote. Mwendo mapigo 104 kwa dakika. Gaweni kipimo kimoja (mapigo makuu manne) mara 16, hesabuni kwa sauti, mapigo makuu yakiwa 1, 5, 9 na 13.

Shekere: namba zote zisizogawanyika kwa mbili, nzito kwenye 1, 5, 9 na 13, nyepesi kwenye 3, 7, 11 na 15.
Vijiti: 1, 4, 7, 11, 13. Huu mnaujua, ni ule wa rumba ya Kikongo.
Besi: 1, 4, 7, 11, 12. Basi.
Gitaa ya tenor, noti mojamoja kwenye nyuzi nene, kiganja kikiegemea karibu na daraja ili sauti iwe kavu: 3, 5, 8, 9, 10, 13, 15, 16.
Gitaa ya rizimu, mkato mfupi kwenye nyuzi tatu nyembamba: 3, 7, 11, 15.
Dramu: ngoma ya mguu 1, 4 na 11, snea yenye nguvu 5 na 13, na vigongo vya chinichini ambavyo karibu havisikiki kwenye 8, 10 na 16, haihati (toazi mbili zinazofungwa kwa mguu) sawa na shekere, ifunguliwe kwenye 15 na kufungwa kwenye 1.

Tazameni namba za besi na gitaa ya tenor. Besi imenyamaza 8, 9 na 10, na hapohapo tenor inagonga mara tatu mfululizo. Besi imenyamaza kuanzia 13 hadi 16, tenor inajibu tena. Hakuna namba hata moja wanayokutana. Msikilizaji anasikia laini moja ndefu inayozunguka, wakati ni watu wawili wanaopokezana. Hiyo ndiyo siri ya Afrobeat kama kuna siri, na ndiyo inayokufa kwanza bendi inapoharakisha mazoezi.

Ingizeni hivi: shekere na vijiti peke yao dakika tatu nzima. Kisha tenor, dakika mbili. Kisha besi. Msiendelee mpaka wawili hao wawe wamekaa kiasi kwamba ukimwambia mmoja anyamaze, mwingine habadilishi kitu. Rizimu, halafu tumba, halafu dramu mwisho. Dramu wakitangulia, kila mtu anamwegemea mpiga dramu badala ya kuwasikiliza wenzake.

Makosa yanayojirudia. La besi ni kujaza. Mpiga besi akiona ukimya wa kuanzia 13 hadi 16 anahisi amesahau kitu, anaweka vinoti vya kupanda kurudi kwenye 1, na tenor inazama pale pale. Mwambieni anyooshe mkono mbali na nyuzi kwenye 13. Inasaidia kuliko maneno. La dramu ni toazi kubwa kupasuka kila baada ya vipimo vinane. Tony Allen alipiga kwa sauti ya chini na kazi kubwa aliifanya kwenye haihati. Alijifunza kwa kuwafuatilia wapiga dramu wa jazi wa Marekani kama Max Roach na Art Blakey, na Guy Warren wa Ghana. Mikono yake miwili na miguu yake miwili, kila mmoja ulikuwa na mazungumzo yake. Mpiga dramu wenu akianza kwa nguvu hana pa kwenda dakika ya nane.

La tumba ni kushindana na snea. Tumba moja ishike laini isiyobadilika, mapambo yaje tu pale wapuliza wanaponyamaza. La wapuliza ni solo ndefu. Vipimo 32 kwa kila mmoja vinatosha sana, na mada ya pamoja irudi kila baada ya solo kama fimbo ya kuwarudisha ng'ombe. Na mwendo: rekodini mazoezi kwa simu, pimeni mwanzo na mwisho. Mkianza 104 mkamaliza 112, rudini kwenye shekere. Karibu kila mara anayekimbia ni gitaa ya rizimu, kwa sababu anagonga katikati ya mapigo tu, hana pigo kuu la kujishikiza.

Jukwaani, fundi mitambo asiyeujua muziki huu ataizika gitaa ya tenor. Inakaa palepale ilipo besi ya juu na kinanda cha chini. Mwambieni apunguze sauti nene za gitaa zote mbili chini ya hezi 120, apunguze kidogo kinanda kati ya 250 na 400, na gitaa moja aiweke kushoto, nyingine kulia. Shekere ipewe maikrofoni yake. Isiposikika, muziki wote unayumba na hakuna anayejua kwa nini.

Mpangilio wa wimbo: mzunguko wa vyombo unajengwa, mada ya wapuliza, solo ya kinanda, mada, solo ya mdomo wa bata, mada, ndipo sauti. Fela aliwaacha watu dakika kadhaa kabla ya kufungua mdomo, na wimbo ulijaza upande mzima wa santuri. "Confusion" ya mwaka 1975 ulijaza pande zote mbili. Kwa ukumbi wa harusi hamtavumiliwa hivyo. Dakika nane ni mapatano mazuri, sauti ikiingia ya tatu au ya nne. Chini ya hapo mzunguko haujapata muda wa kumshika mtu.

Maneno nayo yana ufundi wake. Fela aliacha kutegemea Kiyoruba akaimba kwa pijini (Kiingereza cha mtaani cha Nigeria) ili aeleweke nje ya watu wake, na mstari ni mfupi, waitikiaji wanajibu neno moja au mawili yasiyobadilika. Kiswahili kinawapa faida hiyo bure, msiitupe kwa kuiga pijini yake. Sentensi ya maneno manne, jibu la maneno mawili, rudia, kisha geuza neno moja. Matusi ya mafumbo ya taarabu yanakaa vizuri humo kuliko hotuba. Ijumaa kwenye Shrine, ukumbi wake wa Lagos, zilikuwa za yabis, yaani kuwasema wakubwa kwa dhihaka watu wakicheka. Hotuba haichekeshi.

Sasa swali lako la mashiko. Waliorithi hawakurithi kitu kimoja. Bendi ya Marekani Talking Heads na prodyuza wao Brian Eno mwaka 1980 walichukua mpokezano wa laini ndogondogo, wakaacha siasa. Antibalas wa Brooklyn, tangu 1998, walichukua bendi nzima na wapuliza wake, na ndio waliopiga kwenye tamthilia ya Broadway ya maisha ya Fela mwaka 2009. Tony Allen, hadi alipofariki Paris Aprili 2020, aliipeleka haihati yake kwa wanamuziki kama Damon Albarn wa Uingereza na Hugh Masekela wa Afrika Kusini. Ndani ya familia, Femi, mtoto wa Fela, alijenga New Afrika Shrine mwaka 2000, mdogo wake Seun, akiwa na miaka 14 tu, aliichukua Egypt 80, bendi ya mwisho ya Fela, baba yao alipofariki 1997, na Made, mtoto wa Femi, alipiga vyombo vyote mwenyewe kwenye albamu yake ya mwaka 2021. Kwa muziki huu hilo la Made ni jambo la ajabu, maana asili yake ni watu wengi kuvumiliana.

Upande wa Afrobeats, Wizkid alimwita Femi apulize saksafoni kwenye "Jaiye Jaiye" mwaka 2013. Burna Boy, ambaye babu yake Benson Idonije alikuwa meneja wa Fela, amechukua pijini, lawama kwa serikali na namna ya kusimama jukwaani. Mzunguko wenyewe hajauchukua, kwa hiyo mkipiga nyimbo zake mkitarajia kuupata Fela humo mtazunguka bure. Kwa maoni yangu msanii wa leo anayevaa suruali ya kubana na kupiga picha kifua wazi kama Fela amechukua kilicho rahisi.

Mashabiki wao wamebaki na maneno. Baada ya "Zombie" ya mwaka 1976, neno hilo likawa jina la askari anayetii bila kufikiri. Tarehe 18 Februari 1977, siku sita tu baada ya kumalizika FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za Waafrika lililofanyika Lagos ambalo Fela alilisusia, wanajeshi waliivamia na kuichoma Kalakuta, nyumba yake. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, alitupwa dirishani na akafariki mwaka uliofuata. Kwenye maandamano ya Oktoba 2020 dhidi ya ukatili wa polisi Nigeria, vijana waliozaliwa baada ya Fela kufa walikuwa wakipiga nyimbo zake barabarani. Felabration, tamasha la kumkumbuka Fela, inafanyika kila Oktoba, mwezi aliozaliwa.

Jambo moja kabla hamjaingia studio: mkitaka kukata kipande cha santuri yake mkakitia kwenye wimbo wenu, ruhusa ni mbili, ya rekodi na ya utunzi. Mkipiga upya wenyewe, ya utunzi bado inabaki.

Kusikiliza wiki hii: mpiga dramu aanze na mwanzo wa "Confusion", Fela na kinanda chake pamoja na Allen karibu peke yao, haihati inasikika wazi. Wapuliza wasikilize "Water No Get Enemy", waimbe mada kwa midomo kabla ya kushika vyombo. Wapiga gitaa wachukue "Zombie", mmoja afuate gitaa moja tu, mwingine gitaa nyingine, waje Jumamosi kila mmoja akiwa na laini moja ya vipimo viwili. Tumba aje na mikono tu.