Usimpe Mfiwa Kitabu cha Hoja

Mimi ndiye mwenye ufunguo wa kabati la vitabu katika usharika wetu hapa Dodoma. Ibada ikiisha, watu hupita na ombi lile lile: "Mwalimu, nipe kitabu kizuri cha kiroho." Ombi hilo silitimizi papo hapo. Nauliza kwanza: unapitia nini siku hizi, na mara ya mwisho kumaliza kitabu ilikuwa lini? Wengine hunishangaa, wakidhani nimeanza kutoa ushauri nasaha bila kuombwa. Lakini kitabu kinachomfaa kila mtu kwa kila wakati sijakiona, na hata Biblia yenyewe, mtu aliyeokoka juzi humwambii aanzie Mambo ya Walawi.

Mfano ninaoutumia zaidi ni wa C. S. Lewis, mwandishi Mkristo wa Uingereza, kwa sababu aliandika juu ya maumivu mara mbili na vitabu hivyo viwili havimfai mtu mmoja. Cha kwanza, The Problem of Pain, kilitoka 1940. Lewis alikuwa mwalimu wa Oxford, hajaoa, na alijenga hoja zake kwa utulivu: kama Mungu ni mwema na ana uwezo wote, mateso yanatoka wapi? Cha pili, A Grief Observed, kilitoka 1961, mwaka mmoja baada ya mkewe Joy kufa kwa saratani. Humo utulivu umekwisha. Analalamika kwamba amemwendea Mungu akiwa na shida kuliko wakati wowote, akafungiwa mlango usoni na kusikia komeo likisukumwa kwa ndani. Alikitoa kwa jina la bandia, N. W. Clerk, na inasimuliwa kwamba watu waliomhurumia, wasijue ni chake, walimpelekea yeye mwenyewe wakisema kitamfariji.

Mwanafunzi wa chuo anayebishana na wenzake hosteli usiku kucha nampa kile cha kwanza. Mama aliyemzika mumewe mwezi uliopita simpi, hata akikitaja kwa jina. Na hicho cha pili nacho simpi wakati wa msiba. Nasubiri ndugu warudi makwao, maturubai yashushwe, nyumba ibaki na watu wake, maana maswali huanza hapo. Nikimpa, namwonya: "Mama, kurasa za mwanzo zina maneno makali juu ya Mungu. Usiogope, endelea nacho." Bila onyo hilo kitabu kitarudi Jumapili inayofuata, na mzee wa kanisa atataka kujua ni nani ananunua vitabu vya wakana Mungu.

Kitu kingine kinachonifundisha ni hali ya vitabu vinaporudi. Watu husema uongo wa adabu, karatasi haisemi. Tunacho kitabu kimoja cha mafundisho chenye jalada gumu, kinene, tulichopewa zawadi. Kila aliyekiazima amekirudisha akisema kimembariki sana. Ukikitazama ubavuni, utaona kurasa za mwanzo zimekuwa kahawia kwa vidole, kisha rangi inakatika ghafla na zilizobaki ni nyeupe, nyingine bado zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani. Wote waliishia pale pale, mahali mwandishi anapoacha kusimulia na kuanza kugawanya utakatifu katika ngazi na vipengele. Jirani yake kabatini ni kijitabu cha ushuhuda ambacho mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa fundi viatu, na katikati kina duara la kikombe cha chai. Mtu aliyeweka kikombe juu ya ukurasa ule alikuwa hataki kuufunga.

Halafu kuna ugomvi wa riwaya. Kila usharika una mtu wa kuuliza, "Mtu aliyeokoka ana kazi gani na hadithi za kubuni?" Huwa namrudisha kwenye 2 Samweli 12. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi, aliyekuwa amemchukua mke wa Uria na kuagiza Uria auawe, hakuanza na Amri Kumi. Alisimulia habari ya tajiri mwenye makundi ya mifugo aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja ili amkirimu mgeni. Mfalme akawaka hasira, akaapa kwamba mtu huyo anastahili kufa, na hapo ndipo akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Tajiri yule hakuwapo. Hukumu ilikuwa ya kweli kabisa. Riwaya ya Kikristo inayostahili jina hilo hufanya kazi hiyo: unamlaumu mhusika kwa raha zako mpaka unapotambua sauti yake.

Kwa anayetaka kuanza, sijaona mbadala wa Safari ya Msafiri ya John Bunyan. Sehemu yake ya kwanza ilitoka 1678, na imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 200, takriban 80 kati yake za Afrika. Vijana mafundi hukipenda zaidi nikiwaeleza kwamba mwandishi hakuwa mchungaji mwenye digrii. Alikuwa fundi wa kuziba masufuria, mtoto wa fundi, akafungwa Bedford, Uingereza, miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali cha kanisa la serikali. Mtu wake anatembea na mzigo mgongoni, anatumbukia kwenye bwawa la kukata tamaa, anapotoshwa njia na watu wenye maneno matamu. Hapa kwetu, ambako kila mtu amewahi kushushwa na basi katikati ya pori, safari ya namna hiyo haihitaji maelezo. Isomwe kwa sauti kwenye kikundi, kipande kwa kipande. Ukimpa mtu aisome peke yake, Kiswahili cha tafsiri za zamani kitamchosha.

Riwaya za siku za mwisho nazigawa kwa mkono mzito zaidi. Mfululizo wa Left Behind, ulioanza 1995 na kufikia vitabu 16, una kasi ya ajabu na unamfanya mtu asiyesoma asome. Tatizo ni kwamba baada ya miezi michache nasikia matukio yake yakinukuliwa kwenye kipindi cha Biblia kana kwamba Yohana, mwandishi wa Ufunuo, aliyaona kisiwani Patmo. Riwaya za vita vya malaika na mapepo nazo ziko hivyo hivyo. Katika mazingira yetu, ambako ugonjwa wa mtoto unaweza kumgeuza bibi wa jirani kuwa mchawi kwa jioni moja, kitabu cha aina hiyo kinaweza kuleta madhara nyumbani. Simkatazi mtu. Namwomba tu asome Ufunuo kwanza, wote, bila kitabu kingine pembeni.

Katika shuhuda, ninachokiazimisha zaidi ni chembamba: I Love Idi Amin cha Askofu Festo Kivengere wa Uganda, cha 1977. Jina lenyewe linawakwaza Watanzania, hasa waliofiwa na ndugu katika vita vya Kagera. Mzee mmoja aliniuliza kama nina akili timamu. Nikamweleza kwamba kiliandikwa mwaka ule ule ambao Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Amin, na kwamba Kivengere alikuwa ametoroka na mkewe kwa miguu milimani kuingia Rwanda kuokoa maisha yao. Tena si mgeni kwetu, alifundisha shule hapa Dodoma kabla hajawa askofu. Mzee akakichukua, akakaa nacho muda mrefu, akakirudisha bila kusema kitu, kisha akaja kukiazima tena kwa ajili ya mwanawe.

Lakini kitabu cha msamaha ni dawa kali. Mwanamke anayepigwa nyumbani simpi kitabu cha msamaha. Namtafutia mahali salama kwanza, vitabu baadaye. Nimeona mafundisho mazuri yakitumika kumrudisha mtu kwenye kipigo, na kila aliyeyatumia alikuwa na nia njema.

Kwa Kiswahili, uhaba wetu mkubwa ni wa riwaya. Vitabu vya mafundisho na maombi vipo. Shirika la vitabu la Soma Biblia wanavyo, na wachapaji wa Central Tanganyika Press hapa hapa Dodoma wamechapa kwa miaka mingi. Hadithi ndefu za maisha ya Mkristo wa Mbeya au Mwanza, mwenye mkopo wa VICOBA na mtoto aliyeacha kanisa, ni chache mno. Anayetaka kuona tulianzia wapi namwelekeza kwa James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, 1934, habari za watumwa waliokombolewa na kuletwa Freretown, Mombasa. Baba yake alikuwa mmoja wao. Kiswahili chake bado ni kitamu. Ila kisome ukiwa macho: Waarabu ndani yake ni waovu, Waingereza ni wakombozi, na yaliyofuata chini ya utawala wa hao wakombozi hayana nafasi. Kwenye kikundi cha vijana kinazua mjadala mzuri kuliko kitabu chochote ninachokubaliana nacho moja kwa moja.

Vile vya "funguo za utajiri" sitavisema sana. Nina kipimo kimoja: natafuta ndani yake mtu aliyeomba kwa imani na asipate alichoomba. Nikifika mwisho bila kumkuta, kitabu hakiingii kabatini, hata kama mwandishi ana jumba la kanisa Lagos au Texas. Mtume Paulo mwenyewe, aliyeomba mwiba wake uondolewe na usiondolewe, asingepita kwenye kitabu hicho. Pia nachagua mistari mitatu iliyonukuliwa na kuisoma katika Biblia pamoja na ile iliyo juu na chini yake. Mara nyingi inatosha.

Jambo la mwisho linahusu mkono unaotoa. Usimpe mtu kitabu kama njia ya kumsema. Mke akimpelekea mumewe kitabu cha "mume kulingana na Biblia," mume atasoma jalada tu na ujumbe atakuwa ameupata. Mchungaji akimpa kijana kitabu cha ulevi mbele ya watu, amemtangaza. Ukitaka mumeo asome, kisome wewe sebuleni, ucheke panapochekesha, ukiache mezani. Nimeona kikifanya kazi hata kwa wanaume ambao hawajawahi kukanyaga kabatini kwangu.

Wala usipendekeze ambacho hujakimaliza. Mtu atakuja kukuuliza habari ya sura ya kumi, na utajulikana. Akikirudisha hajakimaliza, usimuulize kwa nini, ataanza kutafuta visingizio. Muulize alifika wapi. Akikuambia, "Nimeishia pale mtoto alipokufa, mwalimu, sikuweza," basi acha foleni ya wengine isubiri kidogo, vuta kiti, umpe nafasi azungumze. Kitabu kinachofuata utakichagua baada ya hapo.