Jibu: Shughuli za jamii zitaninyima muda wa maabara?

Mdogo wangu, umeuliza kama kwenda mtoni na watoto wa shule pamoja na idara yenu ya biolojia kutakula muda wako wa maabara. Nenda tu, tena usikose.

Ule ni utafiti kamili. Mnapogeuza mawe na kukinga wavu, mnahesabu wadudu wachanga waishio majini, na kila aina ina habari yake. Wale wenye matamvua ya kupumulia ubavuni huhitaji oksijeni ya kutosha; maji yakichafuka, wao ni miongoni mwa wa kwanza kutoweka. Ukikuta vibuu vyekundu vimejaa kwenye tope na wale wengine hawapo, shtuka. Wekundu ule ni himoglobini, protini ibebayo oksijeni mwilini, ndiyo inayowawezesha kuishi mahali penye oksijeni haba. Kipimo cha kemikali hukupa hali ya maji ya saa ile, lakini wadudu hawa wamekaa humo wiki nyingi, kwa hiyo hukuonyesha hali ya muda wote huo (napenda sana jambo hili!).

Wala usidharau data za watu wa kawaida. iNaturalist, jukwaa la mtandaoni ambako mtu yeyote huweka picha za viumbe aliowaona, ilianza mwaka 2008 kama mradi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na leo watafiti huitumia kujua spishi zinapatikana wapi.

Ila nakuomba, rekodini mahali, tarehe na njia ileile kila safari, na matokeo muwarudishie wale watoto. Wengi huondoka na data wasionekane tena, na hilo huniuma.