Kabla hujamnunulia mgonjwa wa figo poda ya seli shina

Ukiwa na mgonjwa wa figo nyumbani hapa Mbeya, jiandae: kuna mtu atakuja na boksi. Atakuwa mtu wa karibu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kwetu alikuja mama mmoja wa kwaya, aliyetuletea uji baba alipolazwa. Boksi lake lilikuwa na vipakiti vya poda ya kumwaga chini ya ulimi. "Mwalimu, hii ni seli shina, inaotesha figo upya." Simu ikatoka, tukaonyeshwa shuhuda za kundi la WhatsApp, karatasi za maabara za kabla na baada zimezungushiwa kalamu nyekundu.

Mimi nafundisha baiolojia sekondari, si daktari. Baba ana presha ya miaka mingi, figo zake ziko hatua ya nne kati ya tano za ugonjwa, na siku za kliniki hushuka kutoka Tukuyu akalala kwangu Uyole ili asubuhi tuwahi Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kwa hiyo naandika kama mtu anayeuguza, na ambaye amelazimika kusoma sana.

Maneno ya yule mama hayakuwa uongo mtupu. Seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, zipo na zinatibu. Wagonjwa wa saratani ya damu na wa selimundu hupandikizwa uboho wenye seli shina na wengi wanapona. Kwenye figo nako watafiti wanazijaribu kweli. Kinachouzwa kwenye boksi ni jina tu la utafiti huo, na tofauti yake huioni mpaka uelewe figo inaharibikaje.

Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na vichujio vyake vyote vya figo, takriban milioni moja kila upande. Baada ya hapo hakioti kingine. Presha au sukari ikiumiza kichujio, seli zake hutoa taarifa za kemikali ziitwazo saitokini kuomba msaada. TNF na IL-6 ni miongoni mwa zinazosikika zaidi, na wanaoitika ni chembe za kinga, hasa zile zinazoitwa makrofaji. Hiyo ndiyo inflamesheni, na kwa jeraha la siku chache ni msaada mkubwa. Ni kama yowe la usiku kijijini: watu wakitoka na mapanga mwizi anakimbia, lakini wakiendelea kukimbizana shambani hadi alfajiri, mahindi ndiyo yanayolala. Kwenye figo ya mtu ambaye presha yake haishuki, yowe halikomi. Ikifika hapo taarifa nyingine, TGF-beta, inaamuru nyuzi za kovu zitandazwe, na kovu halichuji damu. Yote haya yanaendelea mgonjwa hasikii maumivu, anakula, anakwenda shamba.

Sasa seli shina zinaingia wapi? Zinazojaribiwa zaidi kwenye figo ni za mesenkaima, zinazotolewa kwenye uboho, kwenye mafuta ya mwili au kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Zikichomwa kwenye mshipa, nyingi hunasa kwenye mapafu na hazidumu. Hazigeuki kuwa vichujio vipya. Kazi yake ni kutoa taarifa za kutuliza, na makrofaji waliokuwa wanabomoa wanageuka kuwa wa kukarabati. Kwa panya imefanya kazi vizuri. Kwa binadamu, mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 156 ambao figo zao ziliumia ghafla baada ya upasuaji wa moyo: waliopewa seli hizo hawakupona haraka kuliko ambao hawakupewa. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tiba yake ya kwanza ya seli za aina hii, remestemcel-L, nayo ni ya watoto ambao uboho waliopandikizwa umeanza kuwashambulia na dawa za steroidi zimeshindwa. Haihusiani na figo.

Na madhara yapo. Mwaka 2010 iliripotiwa habari ya mgonjwa wa lupasi ya figo (kinga ya mwili inaposhambulia figo zake yenyewe) nchini Thailand aliyechomwa seli shina zake mwenyewe moja kwa moja kwenye figo, katika kliniki ya binafsi. Vivimbe viliota palipopita sindano, figo haikupona, na mwishowe alifariki. Nalitaja hili kwa sababu siku hizi kuna mawakala wanaopiga hesabu za tiketi ya ndege na "sindano ya seli" mbele ya ukoo uliokwisha kuuza ng'ombe.

Poda ya chini ya ulimi yenyewe haipo hata kwenye mjadala huo. Imetengenezwa kwa tofaa na zabibu. Seli ya mmea haina namna ya kuzungumza na makrofaji wa mtu, na ikimezwa inameng'enywa pamoja na chakula kingine.

"Mbona basi kuna watu wamepona?" Swali hili baba aliniuliza mwenyewe, na kwa kweli alikuwa anaitaka ile poda. Nilimjibu hivi. Kreatinini, kile kipimo kilichozungushiwa kalamu nyekundu, ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo zikichoka hujaa kwenye damu. Mgonjwa akikonda, akaacha nyama, kreatinini inashuka ingawa figo ziko vilevile. Halafu wapo ambao figo zao zilipigwa ghafla juu ya ugonjwa wa zamani, kwa kuharisha na kuishiwa maji au kwa kumeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila jioni kwa ajili ya mgongo. Mtu huyo akianza poda, siku hiyohiyo akaacha diklofenaki na kunywa maji ya kutosha, atapata nafuu, na sifa zote zitakwenda kwa poda. Ushuhuda wake ni wa kweli kabisa. Tafsiri ndiyo mbovu.

Kumjibu mtu wa boksi kuna adabu yake. Usimwite tapeli, mara nyingi naye kauziwa, ana mzigo ndani unaomnyima usingizi. Nilimwambia, "Mama, shikamoo tena, naomba nisome boksi kwanza." Nikamuuliza kama imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kama dawa ya figo. Akanionyesha nembo. Ilikuwa ya chakula, na tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula uko TBS, shirika la viwango. Nembo ya chakula inazungumzia usalama na ubora wa chakula, haisemi kwamba kinatibu. Nikamuuliza tena, kama huu ni utafiti, mbona mgonjwa ndiye analipa? Hapa Mbeya hili tunalijua kuliko mikoa mingi, maana kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kimefanya tafiti za kifua kikuu na VVU miaka na miaka. Kama una ndugu aliyewahi kushiriki, muulize alisaini nini na alilipa shilingi ngapi. Atakuambia alisomewa fomu ya ridhaa, akaelezwa madhara, akaambiwa anaweza kujitoa wakati wowote, na dawa ya utafiti hakuinunua. Mama wa kwaya alinyamaza, kisha akacheka, akasema, "Wewe mwalimu una maswali ya mtihani." Bado tunasali pamoja.

Yowe la ndani ya figo linaweza kupunguzwa leo kwa vitu visivyo na ushuhuda wa kusisimua. Cha kwanza ni presha, ambayo kwa wagonjwa wengi inalengwa chini ya 130/80. Dawa kama enalapril na losartan hupunguza pia protini inayovuja kwenye mkojo, na protini hiyo ikipita kwenye mirija ya figo nayo inawasha inflamesheni. Kwa hiyo usiulize tu "presha ngapi?" Uliza na protini ya mkojo. Dawa hizi zinaweza kupandisha potasiamu, ndiyo maana daktari anataka damu tena baada ya kuzianza. Usiruke kipimo hicho kwa kuona mgonjwa ana nguvu. Muulize daktari pia kuhusu dapagliflozin. Ilianza kama dawa ya sukari, na mwaka 2020 utafiti wa wagonjwa 4,304 wa figo, wenye sukari na wasio nayo, ulionyesha inachelewesha figo kuharibika. Linganisha na wale 156 wa seli shina. Haimfai kila mtu, lakini swali halilipiwi.

Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu zinazoumiza figo, ziondoke nyumbani. Duka la dawa litakuuzia bila kuuliza, kwa hiyo sentensi ya kusema dirishani ni "mgonjwa wangu ana figo." Na ile mizizi ya kusafisha figo iliyochemshwa kwenye dumu, nayo ibaki kwa mwenyewe. Fizi zinazotoa damu na jino bovu hupandisha inflamesheni ya mwili mzima, kwa hiyo daktari wa meno naye ana kazi hapa. Kwa aliyekwisha kuanza kusafishwa damu kwa mpira wa shingoni, homa yenye kutetemeka ni ya kukimbilia hospitali usiku huohuo, hata kama Mbeya ya Julai mnatetemeka wote kwa baridi. Pima joto, usikisie.

Chakula ndicho kilichotusumbua zaidi, kwa sababu vyakula tunavyojivunia Rungwe, wilaya ya kwetu Tukuyu, ndivyo vyenye potasiamu nyingi: ndizi, parachichi, viazi mviringo, maharage. Potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama. Lakini usimnyang'anye mzee parachichi kabla hujaona majibu ya damu. Si kila mgonjwa anatakiwa kujinyima, na kukonda nako ni hatari. Majibu yakiwa juu, viazi vinamenywa, vinakatwa vidogo, vinachemshwa kwa maji mengi, maji yanamwagwa, kisha vinapikwa upya kwa maji mengine. Ladha inapungua, tusidanganyane. Kitunguu, tangawizi na ndimu vinaokoa kidogo. Magadi kwenye maharage tuliyaacha kabisa, maana ni sodiamu kama chumvi. Mama alilalamika kuni zinaisha. Tukaanza kuloweka maharage usiku kucha na kuyamwaga maji asubuhi.

Kama ukoo umeshachanga fedha, ulizieni upandikizaji wa figo mapema, kabla mgonjwa hajachoka. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Mchangiaji hupimwa naye, tena kwa kina, na mwenye presha au sukari hurudishwa, kwa hiyo msitegemee ndugu mmoja tu aliyejitolea kikaoni. Anayesubiri kusafishwa damu atunze mkono asioutumia sana: damu itolewe mkono mwingine, ili mishipa ibaki mizima kwa ajili ya fistula, yaani mishipa inayounganishwa mkononi kwa upasuaji ili itumike kusafishia damu.

Kuhusu seli shina sijafunga mlango. Ikitokea hospitali ya rufaa au NIMR wakatangaza utafiti wa figo, nitampeleka baba akasikilize. Fomu ya ridhaa nitaisoma yote, ukurasa wa madhara mara mbili, na nitauliza nauli ya Tukuyu nani anarudisha.